Ua Lisilo na Subira

Siku ya uhamisho katika nyumba ya askari, godoro hufungwa kwanza, vyombo vya jikoni hufuata, na ua lililo dirishani hukumbukwa gari likiwa limekwisha kuwashwa. Aghalabu ua hilo huachiwa jirani, au huachwa pale pale mpaka likauke. Mwenye nyumba hujiambia kwamba maua ni mambo ya watu wakaao mahali pamoja. Fikira hiyo si sahihi. Lipo ua ambalo hukua upesi, huchanua mwaka mzima, halidai gharama, na ambalo mwenye kuijua siri yake huweza kulihamisha kutoka kituo hadi kituo ndani ya bilauri ya maji. Ua hilo ndilo somo la juma hili.

Jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana, na kwa kifupi huitwa impatiensi. Neno hilo ni la Kilatini, na maana yake ni "asiye na subira". Jina lilitokana na tabia ya mbegu zake. Tunda lake dogo la kijani likikomaa huvimba, na likiguswa kidogo tu hupasuka. Kuta zake hujikunja kama kamani ya saa, na mbegu hurushwa mbali na shina. Watoto wakiugundua mchezo huo hawaliachi tunda hata moja. Waingereza wameliita Lizi mwenye shughuli, na Wajerumani Lizi mchapakazi, kwa kuwa halipumziki kuchanua.

MZALIWA WA AFRIKA

Wako wanaodhani kwamba ua hili lililetwa na Wazungu. Kwa hakika ni mzaliwa wa Afrika ya Mashariki, na asili yake ni vivuli vyenye unyevu kuanzia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Joseph Hooker, alilieleza kitabuni na kulipa jina la kumheshimu Horace Waller, mmisionari aliyewahi kufanya kazi pande za mto Zambezi na Shire. Mwaka 1882 Hooker huyo huyo alichapisha habari za ua lililooteshwa kwa mbegu zilizopelekwa na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Baadaye ilidhihirika kwamba maua hayo mawili ni moja. Kwa kanuni ya wataalamu, jina lililotangulia ndilo lishikwalo. Sultani akashindwa na mmisionari.

Ua hilo likaenea madirishani Ulaya, kisha likavuka hadi Marekani. Katika karne ya 20 Mmarekani mmoja, Claude Hope, aliyefanya kazi Costa Rica, alizalisha aina fupi zenye matawi mengi, na mbegu zake zikauzwa duniani kote. Hivyo ua lililotoka Afrika likarudi Afrika ndani ya pakiti. Rwanda nayo ina ndugu zake wa porini, kama vile Impatiens burtonii wenye maua meupe na ya waridi hafifu, waotao mahali palipo na maji, na Impatiens niamniamensis ambao ua lake jekundu na manjano lafanana na kasuku. Basi aliyeweka impatiensi dirishani kwake hakukaribisha mgeni, bali amempokea ndugu aliyerejea.

NYUMBA MOJA YA NYAMYUMBA

Malezi ya ua hili hueleweka vema zaidi kwa kisa kuliko kwa orodha. Nyumba yenyewe ipo Nyamyumba, kusini ya mji wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, upande ule wa ziwa Kivu wenye kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1957 na chemchemi za maji moto ambazo wenyeji huziita amashyuza. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapana joto la pwani wala baridi ya milimani. Wastani wa joto ni kama digrii 20. Impatiensi hustawi katika digrii 16 hadi 24. Kwa hali ya hewa, ua na mahali vimepatana.

Bwana wa nyumba hiyo ni askari. Mwanzoni mwa Septemba, wiki mbili kabla ya kuondoka kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa muda wa mwaka mmoja, alirudi jioni na tawi moja la impatiensi nyekundu alilopewa na mwenzake kambini. Alilipanda ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaliweka dirishani mwa sebule, akawaambia watoto kwamba atakaporudi anataka kulikuta. Maneno hayo yalisemwa kwa mzaha, lakini mkewe hakuyachukua kwa mzaha. Tangu siku ile tawi lile halikuwa tena pambo, bali amana.

CHUNGU, UDONGO NA MWANGA

Kosa la kwanza lilifanywa na bwana mwenyewe: kopo lake halikuwa na matundu. Impatiensi hupenda udongo wenye unyevu, lakini mizizi yake huoza upesi ikikaa ndani ya maji. Chombo chochote chafaa, kiwe chungu, kopo au ndoo iliyopasuka, mradi kiwe na matundu matatu au manne chini, na kisahani cha kukinga maji. Baada ya nusu saa maji yaliyobaki kisahanini humwagwa.

Udongo uwe mwepesi. Mchanganyiko mzuri ni mafungu mawili ya udongo wa juu wa bustani, fungu moja la mboji au samadi iliyovunda kabisa, na fungu moja la mchanga mnene. Wakazi wa Rubavu wana bahati, kwa kuwa mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto hupatikana kwa wingi. Changarawe yake ikipondwa na kuwekwa chini ya chungu huyapitisha maji vizuri. Mlima Nyiragongo, ulio ng'ambo ya mpaka, ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021, nao huwatia watu hofu. Lakini miamba ya milima ya namna hiyo, baada ya kusagwa na mvua za karne nyingi, ndiyo iliyoirutubisha ardhi ya pande zile.

Maji yaliyo bora ni ya mvua. Maji ya bomba yafaa pia. Maji ya ziwa Kivu yana magadi na chumvichumvi, hivyo hayafai kutumiwa kila siku. Na maji ya chemchemi za moto, hata yakipoa, yaachiwe watu wanaokwenda kuoga.

Kuhusu mwanga, ikumbukwe kwamba ua hili lilizaliwa chini ya miti. Hutaka mwanga mwingi pasipo jua kali la mchana. Dirisha linalopata jua la asubuhi peke yake ndilo zuri kuliko yote. Gizani hurefuka, hukonda na kuacha kuchanua. Juani majani hubabuka.

KALENDA ILIYO SAHIHI

Vitabu vingi vya maua viliandikwa Ulaya. Humo msomaji huambiwa kwamba ua lipunguziwe maji wakati wa baridi, kisha liamshwe majira ya machipuo. Mwenye kukaa Nyamyumba akifuata kalenda hiyo atapotea. Karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, wala hapana theluji ya kulilaza ua. Kinachobadilika ni maji angani na mahali linapopita jua. Kwa hiyo majira ya kufuatwa ni yale manne ambayo Wanyarwanda huyajua tangu kale: umuhindo, urugaryi, itumba na impeshyi.

UMUHINDO: SEPTEMBA HADI DESEMBA

Haya ni majira ya mvua za vuli, na ndiyo wakati mzuri wa kuanza. Hewa ina unyevu, na tawi lililopandwa hushika mara moja. Katika nyumba ile, mama alitoboa kopo kwa msumari siku ya tatu, baada ya kuona maji yamesimama juu ya udongo. Kufikia katikati ya Oktoba ua la kwanza lilifunguka. Alilipiga picha kwa simu, akampelekea mumewe. Mwezi wa Novemba yalikuwa tisa, na mwezi wa Desemba watoto waliacha kuhesabu. Kila mwisho wa mwezi picha ilikwenda, na kila mara jibu lilirudi.

Lakini jambo moja halikufanywa. Mche ukifika urefu wa kiganja, ncha yake hapana budi ikatwe kwa kucha ya kidole gumba na cha shahada, juu kidogo ya jozi ya majani. Shina lililokatwa ncha hutoa matawi mawili au matatu, na kila tawi nalo likikatwa hufanya vivyo hivyo. Hivyo ndivyo ua linavyopata umbo la kichaka. Lisipokatwa, nguvu zote hukimbilia juu. Mama yule aliambiwa habari hiyo na shoga yake, akakataa. Aliona haya kukata kitu alichokabidhiwa.

Katika majira haya mbolea hutolewa kila baada ya wiki tatu, nayo iwe hafifu. Konzi moja ya samadi iliyovunda hulowekwa katika ndoo ya maji kwa siku moja, huchujwa, kisha huongezwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Atakayezidisha atapata majani mengi na maua machache.

URUGARYI: JANUARI NA FEBRUARI

Mvua hupungua, na mahali pengi wengi hushangaa kuona ua lililokuwa likistawi sasa linasinyaa mchana ilhali halikuondolewa mahali pake. Kumbe jua ndilo lililohama. Kuanzia Oktoba hadi kati ya Machi, jua la adhuhuri katika Rubavu hupita upande wa kusini, na kuanzia Aprili hadi Agosti hupita upande wa kaskazini. Dirisha la kusini lililokuwa na kivuli mwezi Agosti huweza kuingiwa na mionzi mwezi Januari. Kwa hiyo impatiensi huhamishwa mara mbili kwa mwaka, au husogezwa ndani hatua mbili.

Dirisha la nyumba ile linatazama kusini. Mwezi wa Januari ua lilianza kulala kila adhuhuri, majani yakining'inia kama nguo zilizoloweshwa. Mama alishtuka, akalimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Hapa ndipo wapenzi wengi wa ua hili wanapoliua kwa mapenzi. Shina la impatiensi limejaa maji, na kusinyaa kwake kuna sababu mbili zilizo kinyume. Huenda udongo umekauka. Huenda pia udongo umelowa kupita kiasi, mizizi imeoza, na haiwezi tena kunywa. Mwenye kutunza asihukumu kwa jicho. Atie kidole udongoni hadi kiungo cha kwanza. Kikitoka kikavu, amwagilie mpaka maji yatokeze chini. Baada ya saa chache ua litasimama. Kikitoka na tope, aache, atafute kivuli. Na ikiwa udongo una unyevu wa kawaida lakini ua limelala adhuhuri tu, basi tatizo ni jua.

Mama yule hakuyajua hayo. Mwishoni mwa Februari shina la ua lilikuwa limefikia urefu wa mkono, tupu kuanzia chini hadi katikati, na maua matatu tu kileleni. Mumewe alipouliza habari za ua, mama alijibu kwa neno moja: "Lipo." Picha haikwenda. Mwezi wa Machi nao haikwenda.

ITUMBA: MACHI HADI MEI

Haya ndiyo majira ya mvua kubwa, na ndiyo majira ya hatari. Udongo haukauki, hewa haitembei, na ukungu wa kijivu hushika maua yaliyokufa kisha hushuka kwenye majani. Katika miezi hii maji hupunguzwa, mbolea husitishwa, maua yaliyonyauka huokotwa kila siku, na madirisha hufunguliwa mvua inapokatika. Maji hayamwagwi juu ya majani, na humwagiliwa asubuhi badala ya jioni.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Machi, baada ya kazi za umuganda, bibi mmoja jirani aliingia kuomba maji ya kunywa. Alipoliona ua aliinama, akalibonyeza shina karibu na udongo. Lilikuwa laini na lenye rangi ya kahawia.

"Mwanangu, hili linaoza chini," alisema. "Kwa nini hukulikata?"

"Niliogopa, Mama. Baba watoto ndiye aliyelipanda. Ameagiza alikute."

"Kama ataka kulikuta, likate leo. Juu bado ni zima. Ukingoja wiki ijayo, hutakuwa na la kukata."

Mama alisimama kitambo na kisu mkononi. Kisha akakata.

JINSI YA KUKATA

Hapa ndipo ilipo siri ya ua hili, na yafaa isomwe polepole. Huchaguliwa ncha za matawi zilizo imara, zenye urefu wa sentimita 7 hadi 10. Hukatwa kwa kisu safi chini kidogo ya kifundo, yaani mahali jani linapotokea, kwa kuwa mizizi hupenda kuchipua hapo. Majani ya chini huondolewa. Maua yote na matumba yote huondolewa pia, hata kama roho inauma, maana kipandikizi kisicho na mizizi hakiwezi kulisha ua.

Vipandikizi hutiwa ndani ya bilauri yenye maji, vifundo vikiwa majini na majani yakiwa nje. Bilauri huwekwa mahali penye mwanga pasipo jua, na maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili. Baada ya siku 7 hadi 14 mizizi myeupe huonekana. Ikifika sentimita 2 au 3, vipandikizi hupandwa. Ikiachwa majini mpaka iwe mirefu sana huzoea maji na hupata taabu udongoni. Atakaye kupanda moja kwa moja katika udongo aweza, akikifunika kipandikizi kwa chupa ya kioo kwa wiki ya kwanza ili unyevu usipotee. Vitabu hushauri mfuko wa plastiki, lakini Rwanda ilikwisha kuipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2008, na chupa hufanya kazi ile ile.

Mama alipata vipandikizi vitano. Viwili vilioza majini. Vitatu vilitoa mizizi siku ya kumi na moja. Shina la zamani lilikufa wiki ya pili ya Aprili, likatupwa pamoja na udongo wake, na kopo likaoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Jioni ile mama alipiga picha ya bilauri tatu zilizopangwa dirishani, akaipeleka pamoja na maelezo ya yote yaliyotokea, hata yale ya miezi miwili aliyokuwa amenyamaza.

UGONJWA WA KUOGOPWA

Si kila anguko la ua ni kosa la mtunzaji. Impatiensi ina adui aitwaye ubwiri vinyoya. Majani huanza kuwa manjano na kukunjamana kuelekea chini. Ukigeuza jani huonekana unga mweupe kama vinyoya. Kisha majani na maua huanguka yote, yakabaki mashina matupu. Ugonjwa huu ulienea Uingereza mwaka 2003, na mwaka 2011 na 2012 uliharibu bustani nyingi za Marekani, hata wauza maua wengi wakaacha kwa muda kuliotesha. Mche ulioshikwa hauponi. Hung'olewa na kuchomwa au kuzikwa mbali, hautiwi katika mboji, na udongo wake hautumiwi tena kwa ua hilo. Ndugu zake kutoka kisiwa cha New Guinea, wenye majani marefu na maua makubwa, huustahimili ugonjwa huu vizuri zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo, asiwepo mtu wa kuvusha miche mpakani kimya kimya, hata kama soko la Goma liko karibu kiasi gani. Mmea uvukao mpaka hupaswa kuwa na cheti cha afya, na familia za walinzi wa sheria zatarajiwa kuwa za kwanza kuitii kanuni hiyo.

IMPESHYI: JUNI HADI AGOSTI

Kiangazi kirefu huleta vumbi na utitiri. Utitiri ni mdudu mdogo kuliko punje ya chumvi, akaaye chini ya majani na kufuma utando mwembamba; majani hupata madoadoa ya manjano. Hupenda ukavu, hivyo tiba ya kwanza ni maji: majani huoshwa asubuhi kwa maji safi, hasa upande wa chini, na hukauka kabla ya jioni. Wakizidi, pamoja na vidukari na inzi weupe, hupigwa maji yenye sabuni, kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja, mara moja kila siku tano mpaka waishe. Dawa kali za shambani haziruhusiwi ndani ya nyumba yenye watoto.

Wakati huu maji huongezwa, mara nyingi kila siku, lakini kwa kipimo cha kidole. Mbolea hafifu hurudishwa. Mwenye dirisha la kaskazini akumbuke kwamba sasa zamu ya jua ni yake.

Vipandikizi vitatu vya Nyamyumba vilikatwa ncha mara mbili, mara hii bila kuogopa. Ncha zilizokatwa nazo hazikutupwa, bali zilitiwa majini na kugawiwa: moja kwa bibi jirani, mbili kwa shule ya watoto, moja kwa mke wa polisi aliyehamishiwa kusini mwa nchi. Huyo wa mwisho alisafiri na ncha yake ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi, akaitia majini jioni ile ile alipofika. Mwezi wa Agosti vyungu vitatu vilikuwa vimejaa maua, na hakuna shina lililozidi shubiri moja na nusu.

JE, NI LILE LILE?

Bwana alirejea katikati ya Septemba. Baada ya salamu na chakula alikwenda dirishani, akatazama vyungu vitatu mahali alipoacha kopo moja. Mtoto wa kwanza, aliyekuwa na hamu ya kusema kweli yote, alitangulia: "Baba, lako lilikufa."

Mtoto hakukosea, lakini hakujua yote. Kwa elimu ya mimea, mche utokanao na mbegu ni mtoto: una sehemu ya baba na sehemu ya mama, na huweza kuwa na rangi nyingine kabisa. Kipandikizi si mtoto. Ni mwili ule ule ulioendelea kuishi katika mizizi mipya. Ua jekundu alilolileta askari yule kutoka kambini ndilo alilolikuta, wala si mfano wake. Lililokufa ni shina.

Mama aliyaeleza hayo kwa ufupi, kama alivyoelezwa na bibi jirani. Bwana alisikiliza, kisha akauliza kisu kiko wapi, na akaonyeshwa mahali pa kukata.

Hiyo ndiyo siri iliyoahidiwa mwanzoni. Maua mengine hutunzwa kwa kuachwa yazeeke kwa heshima. Impatiensi haina subira hiyo. Shina lake huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, na anayelionea huruma hulipoteza. Hutunzwa kwa kukatwa kabla halijachoka, na mkataji hubaki nalo miaka mingi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwa mambo mengi ni kweli. Lakini mwenye impatiensi iliyorefuka dirishani, na mvua za itumba zikikaribia, asingoje Jumamosi ya umuganda wala jirani wa kumwambia. Achukue kisu safi na bilauri ya maji. Na siku ya uhamisho, bilauri hiyo ipandishwe garini pamoja na godoro.